Redieta ya Hewa

Juzi nilisimama kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Ukunda nikingoja aniunganishie kitu kidogo kilichokatika ndani ya simu yangu. Akagusisha chuma chake cha moto kwenye lehemu, moshi mwembamba ukapanda, na wakati uleule mwenye duka la jirani alikuwa ametia ubani kwenye chetezo, maana ilikuwa Ijumaa. Harufu mbili zikakutana puani mwangu. Fundi akanitazama akasema, "Pole, mama. Picha zako hazitapotea hata moja." Kumbe nilikuwa nalia. Nikamwambia ni moshi tu. Nilimdanganya kijana wa watu. Kilichonishika pale kilikuwa wivu, wivu wa mtoto wa miaka kumi, ambao nilidhani nimeuzika pamoja na Baba miezi mitatu iliyopita.

Baba alikuwa fundi wa redieta. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Msambweni, makuti juu, bati upande wa jua, na malori yaliyotoka Lunga Lunga yakichemka yalisimama pale yenyewe bila kuelekezwa. Katikati ya kibanda palikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji ya rangi ya chai. Redieta ikishaoshwa, Baba aliiziba midomo yake yote kwa vipande vya mpira, akaacha tundu moja la kutilia upepo kwa pampu ya baiskeli, kisha akaizamisha taratibu. Palipotoboka palitoa povu. Povu lenyewe lilikuwa dogo, mara nyingine dogo kuliko punje ya uwele, na macho ya Baba yalikuwa yameharibiwa na moshi wa asidi ya lehemu tangu ujana wake.

Kwa hiyo kazi ya kuliona povu ilikuwa yangu. "Macho yangu yako wapi?" angeita, nami nilitoka nyumbani mbio hata kama nina tonge mdomoni. Nilipiga magoti kando ya pipa, nikashika ukingo wake, nikasema, "Pale!" Yeye akaweka alama kwa ncha ya msumari. Sikuwa mzuri wa sura, shuleni nilikuwa wa katikati, na Mama alikuwa akisema wazi kwamba mikono yangu haijui kufuma. Lakini nilikuwa macho ya Baba. Hicho ndicho kitu pekee duniani nilichojua kuwa ni changu.

Kisha akaja Mbeyu.

Mbeyu alikuwa binti wa shangazi yangu wa Kinango, kanizidi mwaka mmoja, mwembamba, mpole, na alishuka kwetu na kuku mmoja kwapani kama zawadi. Mamake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, ikaamuliwa asomee kwetu mpaka hali itengemae. Alimwamkia kila mtu shikamoo, mpaka akamwamkia na kijana wa kuchota maji, ambaye naye aliitikia marahaba kwa fahari. Mwaka ule hoteli za Diani zilikuwa tupu. Majirani zetu wa bara waliokuwa wakifanya kazi hotelini walikuwa wamefunga virago, na nyumba ya kupanga iliyokuwa mkabala na yetu ilibaki na paka mmoja. Nilikuwa sina wa kucheza naye. Mngedhani ningefurahi kupata mwenzangu.

Lakini Bibi, mama yake Baba, alikuwa mtu wa utani. Mimi aliniita mke mwenzake, na kila nilipochelewa kumletea maji aliapa kunirudisha kwetu. Jioni aliyofika Mbeyu, Bibi alimkalisha mkekani, akaniangalia kwa jicho la uchokozi, akamwambia, "Wewe usiwe mnyonge hapa. Huyu ni mjomba wako, chake ni chako. Hata lile pipa lake ni lako. Huyu mke mwenzangu ni mpita njia tu, kesho kutwa ataolewa aende zake." Watu wote wakacheka, hata Mama.

Wenzangu wa kwetu mnaelewa Bibi alikuwa akisema nini. Zamani za Wadigo, kabla sheria ya dini haijashika, mtu akifa mali yake ilikwenda kwa watoto wa dada yake, wanawe wa kuzaa wakatazama. Wakati wetu jambo hilo lilikuwa limebaki midomoni mwa wazee tu, mzaha wa jioni. Mimi sikujua kuwa ni mzaha. Nilielewa kwamba Baba hakuwa wangu. Alikuwa wa Mbeyu tangu mwanzo, mimi nilikuwa nimeazimwa, na sasa mwenyewe amekuja kuchukua chake.

Haikupita wiki. Lori la chumvi lilileta redieta, Baba akaita, "Macho yangu yako wapi?" nami nikatoka mbio. Nilipofika, Mbeyu alikuwa ameshapiga magoti mahali pangu. Kwao maji hupandishwa mlima kwa punda, na pipa zima la maji yasiyonywewa lilikuwa ajabu kwake. Alilikodolea macho bila kupepesa. Kabla sijachutama akasema kwa sauti yake ndogo, "Mjomba, pale." Na palikuwa pale. Baba akacheka kwa furaha. "Alaa! Kumbe sasa nina macho manne."

Alikuwa na nia njema, maskini. Mimi nilisikia kwamba macho mawili yangemtosha, na kwamba yaliyozidi ni yangu. Tangu siku hiyo nikaanza kumchukia Mbeyu kwa bidii. Nilichukia alivyokula polepole, alivyokunja mkeka pembe kwa pembe, alivyolitamka neno "mjomba" kana kwamba lina asali ndani. Nilimficha kiatu kimoja. Akaenda shule peku, wala hakusema kwa mtu.

Mambo yalikuwa hivyo lilipoletwa gari la Bwana Nizar.

Bwana Nizar alikuwa Mhindi wa Mombasa, watu wake wakiuza vifaa vya ujenzi, naye akiwa na nyumba Galu alikokuja kupumzika. Kila aliyemjua alijua ugonjwa wake: mashindano ya magari kule Nairobi, kwenye uwanja wa kuzunguka. Gari lenyewe lililetwa juu ya lori, la manjano kama papai lililoiva, na fupi kwa kimo hata Bibi akauliza ni nani aliyelikalia. Bwana Nizar alipoinua kifuniko, mafundi wote wa pale barabarani walisogea. Mbele hamkuwa na kitu. Injini ilikuwa katikati, mgongoni mwa viti viwili, mbele ya magurudumu ya nyuma.

"Fundi Bakari, hili gari laniua," alisema. "Mizunguko miwili lakimbia kama limeiba. Wa tatu lachoka, wa nne hata baiskeli yanipita."

"Linachemsha maji?"

"Maji hayana neno. Ni hewa. Hewa ndiyo inayochemka."

Akaeleza, na Baba akarudia kueleza jioni ile nyumbani, akitumia kikombe na sahani. Gari lilikuwa na tabo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa nyingi kwa nguvu. Hewa ikishindiliwa inapata moto. Ikipata moto inakuwa nyepesi, na injini inakosa shibe. Kwa hiyo kabla haijaingia injini inapitishwa kwenye kitu ambacho Bwana Nizar alikiita intakula na Baba akakiita redieta ya hewa: ndani inapita hewa ya moto ya tabo, nje unapita upepo wa barabarani, ule upepo unaiondolea joto. Mimi nilielewa kuwa hewa hiyo ya baridi ni ya Bwana Nizar kuvuta, kwa sababu matajiri hawapendi joto. Nilikaa na imani hiyo muda mrefu.

Swali lilikuwa moja tu: redieta hiyo ikae wapi? Magari ya kawaida injini iko mbele, unaifunga puani mwa gari, upepo unakuja wenyewe. Hili injini iko mgongoni mwa dereva, upepo haufiki. Bwana Nizar alikuwa ameifunga juu ya injini, chini ya kioo cha nyuma. Baba aliweka kiganja pale gari likiwa limetoka kuwashwa, akakiondoa haraka. "Hapa umeweka mtungi wa maji ya kunywa juu ya jiko," akasema.

"Niipeleke puani, basi?"

"Ukiipeleka puani, bomba litatoka nyuma liende mbele, lirudi tena nyuma. Ukikanyaga mafuta, hewa itaanza safari ya Lunga Lunga na kurudi ndipo injini ipate."

Bwana Nizar akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amewaendea mafundi wakubwa wa Mombasa, kila mmoja akamwambia nunua redieta kubwa zaidi. Baba alikuwa wa kwanza kuuliza kuhusu mahali. Na ninyi mliokua nyumba za mafundi mnajua, mtu aliyeziba matundu ya watu maisha yake yote, akipewa siku moja kitu cha kufikiri, halali. Mle kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Baba alikula akitazama ukuta.

Waliamua ubavuni. Nyuma ya mlango wa kushoto palikuwa na tundu la urembo tu, upande wa mbali na ekzosi, na redieta ya hewa ingetosha ndani yake. Aluminiamu haishiki lehemu, kwa hiyo redieta yenyewe Baba hakuigusa. Alichotengeneza ni sanduku la bati la kuulazimisha upepo upite katikati ya redieta badala ya kukwepa kandokando. Alilifunga, akaziba mianya kwa lehemu, likang'aa. Ili kulijaribu, Bwana Nizar akaleta feni kubwa ya jikoni kutoka hoteli iliyofungwa, wakaielekeza ubavuni mwa gari, na Baba akamtuma Mbeyu nyumbani akaombe chetezo cha Mama. Mbeyu, si mimi. Mama alinung'unika kuwa ubani wake ni wa Ijumaa na arusi, si wa magari, lakini akakitoa.

Baba akakishika chetezo mbele ya tundu. Moshi ukaenda mpaka mdomoni, ukasita, ukageuka, ukapita ubavuni mwa gari ukapotelea barabarani. Akajaribu tena. Akapanua mdomo wa sanduku, akaukunja, akauelekeza mbele zaidi. Moshi ulifika, ukasita, ukageuka. Siku mbili zikaenda hivyo. Kibanda chote kikanuka ubani na lehemu, madereva wakauliza kama kuna maiti. Siku ya pili, baada ya alasiri, Bwana Nizar akasema kwa upole, "Fundi, hapana aibu. Tumejaribu." Nilimwona akikaza kamba ya kikoi chake, jambo alilolifanya alipokuwa na huzuni.

Ndipo Mbeyu, aliyekuwa amechutama kando ya pipa, akauliza, "Mjomba, huo upepo ukishaingia utatokea wapi?"

Baba akageuka. "Sema tena."

"Kwetu nyumba ya mama ina mlango mmoja. Hata upepo uvume vipi nje, ndani hauingii, twalala twatoka jasho. Hapa kwa Bibi upo mlango wa mbele na upo wa uani. Bibi akifunga wa uani, wa mbele nao wakoma kuleta upepo. Kila siku namwona."

Sijasahau sura ya Baba. Aliweka chini chuma cha lehemu bila kuangalia anakiweka wapi, kikaunguza kitambaa. Alimtazama Mbeyu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mimi nilikuwa nimelala katika nyumba ile ya milango miwili tangu nizaliwe. Nilikuwa nimeufunga na kuufungua ule mlango wa uani mara elfu, nikigombezwa na Bibi kwa sababu hiyohiyo. Yote aliyoyasema nilikuwa nayajua, na sikuyasema. Wivu wa siku ile ulikuwa na ladha, nakwambieni. Ladha ya sarafu ukiiweka ulimini.

Wakakata mwili wa gari chini ya mkia, Bwana Nizar akifumba macho na kulalamika kuwa mwili huo umetoka ng'ambo. Baba akatengeneza njia ya bati kutoka mgongoni mwa redieta mpaka kwenye tundu jipya, akalifunga wavu. Feni ikawashwa, chetezo kikaletwa. Moshi ukafika mdomoni, safari hii haukusita hata kidogo. Ukavutwa ndani, na sekunde moja baadaye ukatoka chini ya mkia, umenyooka kama uzi. Baba akapiga ukelele. Akauinua mkono wa Mbeyu juu kama wanavyofanya kwa bondia. "Mpwa wangu!" akasema mbele ya mafundi wote. "Mpwa wangu huyu!"

Jumamosi iliyofuata gari lilipelekwa kwa Bwana Nizar, Galu, likajaribiwe barabarani. Barabara ya hoteli ilikuwa tupu, haipiti hata teksi. Tulitoka madrasa, mimi na Mbeyu, tungali na mitandio yetu myeupe yenye ukingo wa kijani, Baba akatupakia kwenye baiskeli. Siku zote mimi nilikaa kwenye keria. Siku hiyo Mbeyu ndiye aliyewekwa nyuma, mimi nikapandishwa kwenye mtalimbo wa mbele kwa sababu nilikuwa mwepesi. Nililia kimyakimya mpaka Galu. Nilikuwa nimekaa katikati ya mikono yake miwili, kidevu chake juu ya kichwa changu, kila alipopumua nasikia, nami nilihesabu tu kwamba nimepokonywa kiti.

Adhuhuri Baba akaenda msikitini. Bwana Nizar akaingia ndani kupiga simu, Mbeyu akatumwa kisimani. Kabla ya kwenda kuswali Baba alikuwa ameniambia, "Kaa hapa ulilinde gari." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kunikabidhi kitu peke yangu. Nililizunguka. Nikachutama nyuma, nikauona ule wavu, umefungwa kwa waya mbili tu, ukisubiri kukazwa. Nikavua mtandio wangu. Sikuwaza habari za injini, wala za jina la Baba, wala za Bwana Nizar. Niliwaza kwamba ule ni mlango wa uani wa Mbeyu, na mimi naufunga. Nikausokomeza mtandio ndani, nikarudisha wavu, nikakaa kivulini kichwa wazi.

Baba aliporudi alikaza zile waya bila kuchungulia. Bwana Nizar akaondoka na gari kwa ngurumo iliyotikisa vioo vya hoteli tupu, akaenda mpaka mwisho wa lami, akarudi, akaenda tena. Alikuwa na saa ndogo mbele yake yenye mshale wa kuonyesha joto la hewa. Aliposimama mara ya tatu alikuwa amenuna. "Mshale umepanda palepale pa zamani," akasema. "Tena zaidi."

Baba alisimama na bisibisi mkononi. Mzee mmoja mlinzi wa hoteli aliyekuja kutazama akasema kwa sauti, "Ndiyo mambo ya kusikiliza watoto." Mbeyu akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo. Nilidhani itakuwa tamu. Nikamtazama Baba, nikaona anakaza kamba ya kikoi.

"Tulifungue," akasema.

Mbeyu ndiye aliyekuwa na mikono midogo. Alitoa wavu, akaingiza mkono. Akautoa mtandio. Upepo wenyewe ulikuwa umeubandika kwenye wavu ukaziba kila tundu, umekuwa na alama za waya kama mkate wa kumimina uliogeuzwa vibaya. Hakunitazama. Akasema, "Ni mimi, mjomba. Nilikuwa nafutia vumbi, nikausahau ndani. Ni mtandio wangu."

Na mtandio wake ulikuwa kichwani kwake.

Hapakuwa na mtu asiyeuona. Bwana Nizar aliuona, mlinzi aliuona. Baba alikitazama kichwa cha Mbeyu kilichofunikwa, kisha akakitazama changu. Akasema, "Haya," akaukunja ule mtandio mara nne, akautia mfukoni.

Gari likaenda tena. Bwana Nizar alikwenda na kurudi mara sita, na aliposhuka alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili na Kikachhi cha kwao kwa pamoja kwamba mshale haujasogea. Akamkumbatia Baba. Akasema yule mtoto mwenye akili za upepo apande, akamkalisha Mbeyu kwenye kile kiti cha pili, akaenda naye mpaka mwisho wa barabara. Gari lina viti viwili tu. Nilisimama na Baba kando ya lami tukilisikiliza linavyokwenda. Nilitamani anipige.

Hakunipiga. Hakuuliza. Usiku nilimuuliza Mbeyu, tumelala mgongo kwa mgongo, kwa nini amesema uongo wa kijinga kiasi kile. Akafikiri, kama alivyofikiri kila jambo. "Wewe ni mtoto wake, angeweza kukufukuza kibandani," akasema. "Mimi ni mpwa. Mpwa hafukuzwi. Si ndivyo alivyosema Bibi?" Kumbe na yeye hakujua kuwa ni mzaha. Alikuwa amekichukua kile kitu nilichomwonea wivu tangu siku ya kwanza, akanifunika nacho.

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliisha hapo. Ulizidi. Kumwonea wivu mtu mwenye kiti chako ni jambo la kawaida. Kumwonea wivu mtu kwa sababu moyo wake ni mpana kuliko wako, hiyo ni homa isiyo na dawa. Muhula ulipokwisha shangazi alipata nafuu, Mbeyu akarudi Kinango, nami nikakaa nyumbani nikingoja kuitwa. Lori lilikuja. Nikasikia pampu, nikasikia redieta ikizama. Nikasikia Baba akimwambia utingo wa lori, "Hebu njoo unitazamie hapa." Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Lori la pili likaja, la tatu. Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikapata kazi Mombasa, nikaolewa. Hakuniita tena. Nilidhani ni adhabu, nami nikaona ni haki yake. Siku hizi nadhani alikuwa akiningoja niende mwenyewe nikamwambie.

Baada ya arobaini, wazee wakagawa kwa sheria ya dini, kibanda na pipa vikaniangukia mimi. Mbeyu hakupata kitu wala hakuuliza. Yeye siku hizi anauza mbuzi, ana pikapu kuukuu, na miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akija kumtazama Baba kila mwezi. Baba ndiye aliyemfundisha lehemu. Nikakifunga kibanda kwa kufuli, ufunguo nikautia mkobani. Changu ni changu.

Ile Ijumaa ya fundi wa simu nilirudi nyumbani nikampigia. Nikamwambia nimesikia pikapu yake inachemsha, ailete. Akaja Jumapili, akafungua redieta mwenyewe, akaziba midomo kwa mpira. Nikamwambia pale pale, nimesimama, kwamba mtandio ule ulikuwa wangu. Akasema, "Najua, mwana. Nilikuwa nimevaa wangu." Akacheka, akaendelea kufunga pampu.

"Baba alijua?"

"Alikaa nao. Ndio aliokuwa akifutia miwani mpaka ukaisha." Akaizamisha redieta, akaanza kupampu, kisha akasita. Akaita kwa sauti ya mtu anayeita nyumbani, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake: "Macho ya mjomba yako wapi?"

Nikamuuliza amelitoa wapi neno hilo.

"Ndivyo alivyokutaja kila nilipokuja. Macho yangu yako Mombasa, Mbeyu, nami huku napapasa tu."

Nikapiga magoti. Ukingo wa pipa ulikuwa na kutu, na maji yalikuwa na rangi ileile. Mbeyu akapampu polepole. Niliyaona macho yake yakitulia mahali, upande wa kushoto, chini. Alikuwa ameshaliona, kama kawaida yake, kabla yangu. Akaufunga mdomo wake, akangoja. Nami nikainama zaidi, nikatafuta, machozi yakinizuia, mpaka nikaliona likipanda, dogo kuliko punje ya uwele.

"Pale," nikasema.